Honi Inayolia Yenyewe

Mwanangu Riziki,

Salamu tumeshapeana tangu alfajiri, za mdomo na za mkono, kwa hiyo hapa sizirudii. Wewe umekwenda Kengeja kuwaaga shangazi zako, na nnavyowajua hawatakuachia mpaka ule kila nyumba. Mimi nimeswali alasiri, nimekaa barazani, na gari ipo mbele yangu uani, imeinama nyuma kwa uzito wa magunia uliyokataa kuyapunguza. Kesho asubuhi utaiteremsha bandarini Wesha, itapandishwa chomboni, na wewe pamoja nayo. Barua hii nitaiweka chini ya mto wako. Uisome leo leo, usiifunge na nguo ukaja kuisoma Unguja, kwa sababu mwisho wake nna jambo nnalolitaka kabla hujaondoka.

Sitakwambia ule nini wala ulale saa ngapi. Una cheti cha ualimu, unakwenda kufundisha watoto wa watu, na mtu wa namna hiyo haambiwi afunge dirisha mvua ikinyesha. Nitakwambia habari za gari. Najua utacheka, utasema mama naye, barua nzima ya gari. Cheka, lakini soma.

Gari imezeeka, na ilipofika kwetu haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika nchi za watu, ina vibandiko vya lugha tusiyoijua, na baba'ko akaizunguka siku nzima anaipangusa kwa kanga yangu mpya. Aliinunua itutoshe sote, sisi na bibi yako na kila jirani mwenye safari. Na unajua alifia humo, kwenye kiti cha dereva, hapa hapa uani. Kila mtu wa hapa Ole anajua, ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuulizia bei. Uliposema utaichukua wewe, ami yako Khamis alinitazama, kisha akaomba maji ya kunywa. Mimi nikasema, ichukue. Nilisema kwa ukavu vile kwa sababu ningelegeza sauti ningelia mbele yenu.

Sasa sikiliza. Asubuhi usiiwashe kwa pupa. Zungusha ufunguo mpaka taa ziwake, ungoje. Utasikia mlio mdogo nyuma, upande wa tangi. Mlio ukinyamaza, ndipo uwashe. Ikikujibu tik tik tik na taa zikafifia, usimwite mtu akakufungulia injini bure. Fungua boneti, tazama vichwa vya betri. Utakuta vimeota unga mweupe. Vimwagie maji ya moto, visugue kwa mswaki mkuukuu, uvikaze. Mara nyingi ni hilo tu, na mimi nilikuwa silijui. Nilipoanza kuendesha, ilinizimikia nje ya nyumba ya harusi, na wanawake wenye hina mbichi miguuni wakaisukuma huku wanaimba na kunikejeli. Nilicheka nao. Njiani, tunarudi, nikasema kwa sauti, "Umewaona walivyoisukuma?" na nikageuka kulia kumtazama baba'ko, kama nilivyozoea. Kulia palikuwa na dirisha. Dereva ni mimi.

Kuchemka kwake kuna dalili. Mshale wa joto usiuamini, umekwama siku nyingi. Amini pua yako. Ukisikia harufu tamu kama ya halua, na humo garini hamna halua, simama pembeni, zima, ufungue boneti, ukae mbali. Kifuniko cha rejeta usikifungue mpaka uweze kukiwekea kiganja bila kukitoa. Lile kovu la mkono wa baba'ko ulilokuwa ukilichezea ulipokuwa mdogo, ukisema ni ramani ya Pemba, lilitokana na kifuniko hicho. Alikuwa na haraka. Na kosa langu mimi lilikuwa la aina nyengine. Ilituchemkia tunatoka Kengeja na muhogo, nikaitilia maji ya kisima cha pwani, yale ambayo mtu akiyaoga anatoka ananata. Fundi akanionya niyamwage nikifika nyumbani. Nikasema maji ni maji. Haikuchukua muda rejeta ikaliwa na kutu kwa ndani, na ndiyo sababu hii iliyopo sasa si yake ya asili.

Kiti cha dereva hakisogei. Utakuta mto mgongoni, utoe. Nilipojifunza kuendesha nilikuwa sifikii klachi, na yule kijana aliyekuwa akinifundisha akaniambia, Bi Asha, hiki kiti kinavutwa tu mbele. Nikamwambia sitaki. Kilikuwa kimekaa pale alipokiweka baba'ko mwenyewe. Nikashona mto, nikaendesha nao miaka yote hii, mgongo ukaniuma, na nyinyi nikawaambia ni baridi yabisi. Sasa reli yake imeshika kutu na hata nikitaka hakitoki. Lakini wewe umerithi miguu ya baba'ko. Juzi ulipokaa bila mto nikakuona kwa nyuma, bega na shingo, nikaingia ndani nikajitia kutafuta ungo.

Mlango wa kuteleza ukikwama, usiuvute kama ulivyouvuta Sikukuu ile kitasa kikakubakia mkononi. Chukua brashi, safisha reli yake ya chini. Utatoa karafuu. Msimu wa mwisho wa baba'ko gunia lilimpasukia humo ndani, na tangu hapo kila mwaka nazitoa na kila mwaka zipo. Nyengine zimeshakuwa nyeusi, ngumu, lakini uking'ata moja bado inawasha ulimi. Zikitoka zote, tia mafuta kidogo. Mimi sijawahi kuzitoa zote.

Tena kuna hili la mafuta, ambalo mafundi wa huko watakuzungusha nalo. Yakishuka chini ya robo, gari inakata kwenye mlima. Tambarare itakwenda vizuri, ukianza kupanda inakohoa, inazima. Umekumbuka ule mlima tukitoka Chake, ilivyokuwa ikizima mahali pamoja kila mara? Watu walisema pale pana wenyewe, majini. Mimi sikuwa na habari ya wenyewe. Mimi nilijua ni pale pale baba'ko alipokuwa akisimama kuninunulia mabungo, hata siku nisiyoyataka. Ikizima, nilikuwa nakaa kimya, nyinyi nyuma mnasoma dua, na mimi nasema moyoni, haya, teremka, nakungoja. Kisha siku moja nikajaza tangi, ikapanda bila kusita. Fundi akanieleza kuwa yakiwa kidogo na gari imeinuka pua, mafuta yanakimbilia nyuma na pampu inavuta upepo. Nikamshukuru. Nikaja nyumbani nikalia sana. Mwanangu, kila fundi akinitajia sababu, huona kama nimeletewa jeneza upya.

Ndiyo maana honi nimeiacha mwisho.

Hatujawahi kuizungumza siku ile, mimi na wewe. Tumezungumza mazishi, tumezungumza waliokuja na wasiokuja, lakini ile saa yenyewe tumeikwepa, na naona unataka kuondoka nayo. Basi niitaje mimi.

Tulikuwa tunakwenda harusini. Baba'ko alikuwa na mtindo wake ambao ulinikera tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Yeye ataoga mwanzo, atavaa kanzu, atakwenda kukaa garini na kunipigia honi, mara mbili, na mimi bado nafukiza nguo udi. Nikikereka, unanijua, najikawiza kwa makusudi. Siku ile alipiga zile mbili zake. Nikasikia, nikaendelea. Halafu ikaja moja ndefu, haikatiki. Wewe ulikuwa darasa la sita, umeshavaa viatu vyako vyeupe, umesimama mlangoni umeshika kitasa. Ukasema, "Mama, baba anatuita."

Nikakwambia, "Kaa chini. Mwache aite, leo atangoja."

Ukakaa. Nikafunga mtandio. Kisha nikaufungua, nikaufunga upya, kwa sababu nilitaka angoje zaidi.

Aliyemkuta ni jirani yetu Mzee Kombo, aliyetoka kwake kuja kugomba kwa ajili ya kelele. Alipokiinua kichwa cha baba'ko juu ya usukani, honi ikanyamaza, na ule unyamavu ndio uliotutoa nje. Baadaye nilimuuliza daktari kama ningetoka mwanzo ingekuwaje. Alikuwa mtu mwema. Akaniambia moyo ukisimama vile, ajuaye ni Mungu. Hakuniambia ndiyo na hakuniambia hapana, na jibu hilo ndilo nnaloishi nalo mpaka leo. Silitafutii jengine.

Kabla hitma haijasomwa, bibi yako Bi Time, mama wa baba'ko, alikuja na kifurushi cha kitambaa cheusi. Akajilaza chini ya usukani, mtu mzima yule na magoti yake mabovu, akakifunga ndani kabisa kwa waya wa shaba, ili gari isichukue mtu mwengine. Alipotoka alisema, "Mtu asikifungue kitu hichi." Alikuwa amemzika mwanawe jana yake. Nani angebishana naye?

Kisha masika yakaingia, na mimi nipo edani. Alfajiri moja, mvua inanyesha, honi ikalia. Ndefu. Ile ile. Gari imefungwa, ufunguo upo chini ya godoro langu. Wanawake waliolala nami wakashika tasbihi. Mimi nikakaa kitandani nimeuma shuka, maana mwanamke wa eda hatoki nje, na nikafikiri, mara ya kwanza niliitwa nikakataa, sasa naitwa na siruhusiwi. Sijui kama kuna adhabu iliyopangwa vizuri kuliko hiyo. Ndipo nikasikia mlango wa uani. Nikachungulia. Ulikuwa wewe, bila viatu, umesimama kwenye mvua na mkono wako juu ya boneti.

Ulisema, "Nimekuja, baba. Nimekuja."

Hujui kama nilikusikia. Nilikusikia, Riziki. Honi ikanyamaza, ukarudi ndani, ukajipangusa miguu na kujilaza, na mimi nikafumba macho kama nimelala. Ulikuwa mtoto umerowa mwili mzima na mimi mama'ko sikunyanyuka kukupa hata kanga kavu. Niliona haya kukutazama usoni. Hilo la kujifanya nimelala linaniuma kuliko la mtandio, kwa sababu la mtandio nilikuwa sijui.

Tangu hapo kila masika ilikuwa inalia, na kila ikilia ulitoka. Ulikua, ukapata miguu mirefu, ukaenda skuli ya Chake, na bado ukiwa nyumbani ikilia unatoka. Watoto wa jirani wakawa hawapiti uani petu kabla jua halijatoka. Niliwaleta mafundi. Mmoja alibadilisha honi yenyewe, mwengine akabadilisha swichi ya usukanini. Wote walikuwa wakifika chini ya dashibodi, wakakiona kile kitambaa cheusi, wanarudisha mkono na kusema hapa pazima. Nami sikuwasukuma. Nikisema ukweli wangu wote, nilikuwa naogopa asije akatokea fundi hodari.

Wiki iliyopita nilimwita fundi Faki aikague kwa safari yako. Akaangalia matairi, akaangalia breki, akabadilisha mkanda wa injini uliokuwa ukilia kila asubuhi. Akaingia chini ya usukani, akatoka haraka. Akaniambia hapo hatii mkono, nimsamehe, yeye ana watoto wadogo, na akaenda kunawa. Wewe ulikuwa kwa rafiki zako. Nikafunga kanga kiunoni, nikawasha taa ya simu, nikajilaza mahali alipojilaza Bi Time. Nikasema bismillahi, nikavuta.

Mwanangu, ilikuwa ni ule waya wa shaba. Bi Time, Allah amrehemu, alikuwa amekifunga kifurushi chake kwenye bomba la usukani, na humo humo akaufunga na waya wa honi, maana yeye alijuaje. Kitambaa kilikuwa kinakunywa unyevu wa alfajiri za mvua, kinavimba, kinaukaza ule waya, na taratibu ukala ganda la waya wa honi mpaka ukabaki uchi. Ukigusa chuma, honi inalia. Kikilegea, inanyamaza. Kilichowekwa gari itulie ndicho kilichokuwa kikiipigisha kelele. Nilikaa pale chini mgongo wangu unaniuma, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kifurushi sikukifungua. Mna maandishi ya Mungu ndani, nimekizika penye mgomba, mahali pasipokanyagwa. Ule waya nimeuzungushia utepe mweusi wa umeme. Ukija kusikia honi inalia yenyewe huko Unguja, jua utepe umebanduka. Chomoa fyuzi yake, ipo kulia chini, kisha uzungushie mwengine. Usitoke nje na mvua.

Jana alfajiri ilinyesha. Niliamka kabla ya adhana nikangoja. Nikasikia kitanda chako nacho, kisha nyayo zako sakafuni, kisha kimya. Ulikuwa umekaa unangoja kama mimi. Mvua ikapiga bati, ikapungua, hakuna kilicholia. Tulikaa hivyo, mimi huku na wewe kule, ukuta katikati, mpaka mwadhini akaadhini. Asubuhi ukaniangalia kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Nami badala ya kukwambia nikakutilia chai. Ndiyo sababu ya barua hii. Kwa mdomo nimeshajaribu na nimeshindwa.

Basi soma hapa polepole. Siku ile uliinuka. Ulikuwa umeshavaa viatu, umeshika kitasa, ulimsikia baba'ko na ulitaka kwenda. Aliyekukalisha ni mimi. Ulikaa kwa sababu uliambiwa na mama'ko, na mtoto aliyemtii mama'ke hana deni kwa baba'ke. Zile alfajiri zote ulizotoka na mvua hukuwa unadaiwa kutoka. Zilikuwa zangu, nikakuachia wewe. Nisamehe kwa hizo. Ya siku yenyewe nitajibu mimi nitakapoulizwa.

Na kuna kasoro moja ya gari hii ambayo Faki hakuiona, kwa sababu haimo garini. Tangu umepata leseni hujawahi kuigusa honi. Unadhani sioni? Ukikuta mbuzi njiani unasimama, unatoa kichwa dirishani, unawabembeleza. Ukikuta mtoto na baiskeli unamfuata pole pole mpaka afike kwao. Huku Ole watu wamekuzoea, wanasema yule mtoto wa Bi Asha ana adabu. Unguja kuna magari mengi na hakuna atakayejua kuwa unanyamaza kwa huzuni. Atakugonga tu. Siwezi kukuacha upande chombo hivyo, nikabaki huku kila simu ikiita moyo unanitoka. Nimeshamtoa mmoja kwenye gari hii.

Kwa hiyo hili ndilo nnalolitaka. Kesho ukishamaliza kufunga mizigo, usije kunigongea mlango, usinitumie mtu, usiniite. Kaa kwenye kiti cha baba'ko, miguu yako inafika, na upige honi. Mara mbili, kama yeye. Hata ukisita, piga.

Mimi nitakuwa nimeshavaa buibui tangu alfajiri. Nguo nitazifukiza udi leo, mtandio nitaufunga mara moja tu. Nitakuwa nimesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa. Piga ya kwanza, na ya pili itanikuta nje.

Mama'ko,
Asha